Nchi Isiyo na Mhunzi

(Mazungumzo ya ibada yaliyotolewa katika redio. Somo: 1 Samweli 13:19–22)

  Kama Biblia iko karibu nawe, ifungue katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 13, kuanzia mstari wa 19.

Habari iliyo hapo ni fupi sana. Wengi wetu huipita upesi ili tufike mlango wa 14, kwenye ushujaa wa Yonathani. Lakini leo nataka tusimame hapo kidogo. Mwandishi anatueleza kwamba siku zile za Sauli hapakuwa na mhunzi hata mmoja katika nchi nzima ya Israeli. Wafilisti walihakikisha jambo hilo, kwa kuwa waliogopa Waebrania wasije wakajifulia panga na mikuki. Basi Mwisraeli aliyetaka kunoa jembe lake au shoka lake, ilimpasa ateremke kwa Wafilisti, alipe walichotaka, kisha apande tena mlimani kwake.

Hebu fikiri jambo hili. Wafilisti hawakuhitaji kuweka askari katika kila shamba la Israeli. Waliulinda ufundi tu, na hilo likatosha. Mkulima alikuwa na shamba lake, mvua ya Mungu ilimnyeshea, ng'ombe wake walikuwa zizini. Hata hivyo alikuwa mtumwa, kwa sababu jembe likibutuka hakujua la kufanya. Kila msimu fedha ziliteremka mlimani, wala hazikupanda tena. Na siku ya vita ilipofika, katika jeshi zima ni Sauli na Yonathani peke yao waliokuwa na upanga na mkuki.

Ndugu msikilizaji, nakuuliza swali. Katika kijiji chako mlango wa nyumba ukivunjika leo, nani atautengeneza? Sare za watoto wa shule hushonwa wapi? Madirisha ya zahanati yalitoka wapi? Fedha za chai, za maziwa, za mahindi, zikiisha kulipwa, hulala kijijini usiku ngapi kabla hazijateremka kwenda mjini?

Kosa letu la viti

Kabla sijaendelea, yanipasa niungame. Sisemi na ninyi kama mtu asiye na kosa.

Katika parokia niliyoitumikia kwa miaka mingi, kulikuwa na kituo cha ufundi, mwendo wa robo saa kutoka kanisani. Wazee wa kanisa hilohilo ndio waliokianzisha zamani, kwa michango ya kuku, mayai na shilingi mbili mbili. Kijana mmoja wa kanisa letu alijifunza useremala pale kwa miaka miwili. Baba yake alikuwa amekufa, na mama yake aliuza mboga ili amlipie karo. Jumapili alipomaliza tulimwita mbele ya kanisa, tukamwombea, tukampigia makofi. Mimi mwenyewe niliweka mkono juu ya kichwa chake.

Mwaka ule ule kanisa lilihitaji viti virefu arobaini. Kamati ilikutana, nami nilikuwa mwenyekiti. Mzee mmoja akasema, "Hii ni nyumba ya Mungu, tutafute mafundi wa kweli." Hakuna aliyeuliza ni nani asiyekuwa wa kweli. Tulikubaliana wote, tukaagiza viti mjini, tukalipa na gharama ya lori. Viti vikaja viking'aa kwa vanishi, tukafurahi. Lakini mbao zilikuwa mbichi. Kiangazi cha pili vilianza kupinda na kuachana kwenye maungio, na Jumapili moja kiti kiliwaangusha akina mama watano katikati ya wimbo.

Wakati huo kijana wetu alikuwa amekwisha ondoka. Alikwenda Mombasa kutafuta kibarua. Siku ile baada ya ibada mama yake alinijia mlangoni. Hakupandisha sauti. Alisema, "Mchungaji, mlimfundisha mwanangu kazi, kisha mkamnyima kazi." Kisha akachukua kikapu chake akaenda zake.

Wapendwa, nimehubiri mahubiri mengi, lakini sijahubiri neno lililo zito kama lile la mama yule. Sisi tulikuwa tumepewa mhunzi, naye alikuwa wetu. Hakuna Mfilisti aliyetuzuia. Tuliteremka wenyewe kwa hiari yetu.

Dharau hii ilitoka wapi?

Nilijiuliza, mbona tunadharau kazi ya mikono, hali tunamfuata Bwana aliyeitwa seremala na watu wa kijiji chake? Marko 6:3 inatuonyesha kwamba watu wa Nazareti walimtambua kwa kazi hiyo, na ni kwa sababu hiyo walimdharau. Kumbe dharau hii ni ya siku nyingi.

Lakini hapa kwetu ina historia yake, nayo yafaa tuijue. Wamisheni waliokuja Kenya hawakuleta vitabu peke yake. Wale wa Uskoti waliofika Kibwezi mwaka wa 1891, na baadaye mwaka wa 1898 wakahamia Kikuyu, walikuja wakiwa misheni ya ufundi. Marafiki kutoka Marekani walipoanza kazi Kaimosi mwaka wa 1902, neno ufundi lilikuwa katika jina la misheni yao, nao walijenga kinu cha kupasulia mbao. Wengi wa mafundi wa kwanza wa uashi na useremala katika nchi hii walijifunza katika vituo vya namna hiyo.

Basi mbona wazazi wetu wakavutwa na kalamu kuliko randa? Hawakuwa wajinga. Siku za ukoloni waliona kwamba karani alilipwa vizuri kuliko fundi. Tena mwaka wa 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika Mashariki na kushauri kwamba Mwafrika apewe elimu ya kumfaa kijijini, Waafrika wengi walishuku. Walisema moyoni, "Hawa wanataka watoto wao wasome vitabu, na wetu wafundishwe kutumika." Kwa hali ilivyokuwa siku zile, walikuwa na haki ya kushuku. Mtu akifungiwa mlango wa darasani na kupewa nyundo, ataichukia nyundo.

Lakini wapendwa, mwenye kutufungia aliondoka mwaka wa 1963. Leo hakuna anayemlazimisha mtoto wetu ashike nyundo kwa sababu ya rangi yake. Dharau iliyokuwa na sababu zamani, leo imebaki kama moshi ndani ya nyumba ambayo moto wake umezimika.

Swali la mwaka wa 1966

Baada ya uhuru watu walijenga shule kwa nguvu zao. Neno la Harambee lilipotangazwa mwaka wa 1963, vijiji vilibeba mawe na kuchoma matofali. Watoto wakajaa madarasani. Lakini muda si muda likatokea jambo jipya: maelfu walimaliza shule ya msingi kila mwaka, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtoto wa miaka kumi na minne au kumi na mitano alirudi nyumbani na barua ya matokeo, akaketi. Shamba la baba hakulitaka, kwa maana aliambiwa tangu utoto kwamba anasoma ili aondoke shambani.

Ndipo makanisa yakauliza swali. Mwaka wa 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa, pamoja na chama cha elimu cha makanisa ya Kikristo, walitoa taarifa ambayo jina lake lenyewe lilikuwa ni swali: baada ya shule, nini? Hawakuishia kuuliza. Walipendekeza viwepo vituo vidogo vya kuwafundisha vijana kazi ambazo kijiji chao chenyewe kinazihitaji. Vituo hivyo vikaitwa politekniki za vijiji. Mwisho wa miaka ya 1960 za kwanza zilikuwa zimekwisha anza, miongoni mwake ile ya Nambale, upande wa Busia, na ile ya Maseno. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Serikali iliingia katika kazi hiyo, ikaanza kusaidia kulipa mishahara ya walimu. Kabla ya miaka kumi kwisha, politekniki zilikuwa zimehesabiwa kwa mamia.

Siku zile zile jirani zetu wa Tanzania nao walikuwa wakiuliza swali hilohilo kwa njia yao, maana Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea mwaka wa 1967. Na mwaka wa 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walipoichunguza Kenya, walisema wazi kwamba fundi mdogo anayefanya kazi chini ya mti, asiye na ofisi wala leseni, si mvivu wala si mzigo. Huyo, walisema, anazalisha mali na kuwapa wengine kazi. Leo tunamwita fundi wa jua kali.

Mpango ulivyokusudiwa

Napenda mwelewe jinsi politekniki ya kijiji ilivyokusudiwa kufanya kazi, kwa sababu mpango ule ulikuwa na hekima.

Kwanza, kituo kilianzwa na wenyeji. Kamati ya watu wa mahali pale, wazee wa kanisa, wazazi, wakulima, walimu, ndiyo iliyotafuta kiwanja na kuamua kazi za kufundishwa. Serikali na wafadhili walisaidia, lakini hawakutangulia.

Pili, kamati ilitakiwa itazame haja kabla ya kuchagua masomo. Kama watu wanaezeka nyumba za bati, fundisha ufundi wa kuezeka na wa mabati. Kama wanataka matangi ya maji, fundisha uashi. Na haja ikiisha, darasa lile lifungwe, lifunguliwe jingine. Hapakuwa na somo la milele.

Tatu, majengo yalikuwa ya kawaida na gharama ilikuwa ndogo. Kijana hakulala bweni la kifahari akasahau kwao. Alitoka nyumbani asubuhi akarudi jioni, akiendelea kuwa mtu wa kijiji chake.

Nne, vijana walijifunza kwa kufanya kazi yenyewe. Shule ikitaka madawati, waliyatengeneza. Mama mjane akitaka mlango, waliupima na kuutia. Mapato yalisaidia kununua mbao na misumari. Hivyo kijana alijua tangu mwanzo kwamba mlango usiofunga vizuri utarudishwa.

Tano, walipomaliza, kwa kawaida baada ya miaka miwili, walihimizwa wajiunge katika vikundi vya kazi, wakae hapohapo, wapokee kazi pamoja. Shabaha ilikuwa ni riziki, si karatasi.

Lililoharibika

Basi mtauliza, kama mpango ulikuwa na hekima hivi, mbona kituo cha kwetu kimeota nyasi? Yapo mambo matatu ninayoyaona.

La kwanza ni cheti. Wazazi walisema, "Mtoto wangu amesoma miaka miwili, mbona hana karatasi?" Na waajiri wa mjini walitaka karatasi. Kwa hiyo polepole vituo viligeuka kuwa mahali pa kujitayarisha kwa mitihani ya Serikali ya ufundi. Mimi sikilaumu cheti. Kijana akienda Nakuru au Eldoret, cheti humfungulia mlango. Lakini kituo kikianza kufundisha kwa ajili ya mtihani tu, huacha kuitazama haja ya kijiji. Yale masomo yaliyokusudiwa kubadilika yaliganda. Karibu kila mahali ukakuta useremala na uashi kwa wavulana, ushonaji kwa wasichana. Kijiji chenye maseremala kumi kikaletewa maseremala wengine ishirini, na pampu ya maji ikiharibika hapana wa kuitengeneza.

La pili ni kamati. Serikali ilipoanza kulipa, watu wengi walisema moyoni, "Sasa ni cha Serikali." Kamati ikaacha kukutana. Jina nalo lilibadilika mara kwa mara. Kutoka politekniki za vijiji zikawa politekniki za vijana, na leo huitwa vyuo vya mafunzo ya ufundi. Katiba ya mwaka wa 2010 ilikabidhi politekniki za vijiji kwa serikali za kaunti. Ni vizuri ziwe karibu nasi. Lakini jambo likiwa karibu si kwamba ni letu, mpaka tulishike. Kaunti yaweza kulipa mwalimu. Haiwezi kujua kwamba mjane wa bondeni anahitaji mlango.

La tatu ni dharau, ile niliyoiungama. Tuliwapeleka kwenye ufundi wale tuliodhani hawana akili. Mwalimu alimwambia mtoto, "Usiposoma utaishia politekniki." Kituo tulichokianzisha kwa maombi tukakifanya kitisho. Ni kijana gani atakayepapenda mahali alipotishiwa napo? Hata mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, na useremala na ushonaji vikaingia katika shule ya msingi, wengi wetu tuliona ni usumbufu, na baadaye masomo yale yakaondolewa. Sasa mtaala wa umilisi nao wasema mkono ufundishwe pamoja na kichwa. Mtaala waweza kubadilishwa kwa amri. Moyo wa mzazi haubadilishwi kwa amri.

Mungu awaita nani mafundi?

Tufungue Kutoka, mlango wa 31. Mungu alipotaka maskani yake ijengwe, alimwita Bezaleli kwa jina. Anasemwa kwamba alijazwa Roho wa Mungu. Ili afanye nini? Si ili ahubiri, bali afanye kazi ya dhahabu, ya kuchonga mawe, na ya kukata miti. Wapendwa, ujuzi wa mkono ule ulikuwa kipawa cha Roho. Tena mlango wa 35, mstari wa 34, waongeza jambo tusilolitazama sana: Mungu alitia ndani ya Bezaleli na mwenzake Oholiabu moyo wa kufundisha wengine. Fundi asiyefundisha amepokea nusu ya kipawa.

Tazama pia Matendo 18:3. Paulo, mtu aliyesoma sana miguuni pa mwalimu mkuu, alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Na Dorkasi wa Yafa, katika mlango wa 9, alipokufa wajane hawakuonyesha vyeti vyake. Walisimama wakilia na kuonyesha nguo alizowashonea.

Lakini aliyetufundisha kazi ya kijiji kwa pamoja ni Nehemia. Soma mlango wake wa 3 polepole. Ni orodha ya majina, nasi hatupendi orodha. Lakini angalia mambo mawili au matatu. Wengi walijenga sehemu ya ukuta iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Mtu hujenga vizuri mbele ya mlango wake. Wafua dhahabu na watengeneza manukato, watu wa mikono laini, nao walibeba mawe. Shalumu, ambaye alikuwa mkubwa wa nusu ya wilaya, alijenga pamoja na binti zake. Ndugu unayesema msichana hawezi uashi, soma mstari wa 12. Na mstari wa 5 unatuambia kwa huzuni kwamba wakubwa wa Watekoa walikataa kutia mabega kazini. Ukuta ulijengwa bila wao, na majina ya waliofanya kazi yakaandikwa.

Sasa tufanye nini?

Sitaki tumalize kwa kuguswa moyo tu, kisha tuzime redio. Nitawaambia tulilolifanya baada ya viti vile kuanguka. Pengine litawafaa.

Tulianza kwa kuhesabu. Vijana na akina mama walizunguka kijiji wakaandika vitu vyote tunavyonunua nje au kuita mtu wa nje aje kuvitengeneza. Nanyi fanyeni hivyo. Tuseme shule yenu ina watoto mia nne, na kila mmoja ahitaji sare moja kwa mwaka. Fundi mmoja akishona sare tatu kwa siku, hiyo ni kazi ya zaidi ya siku 130. Riziki ya mtu ya miezi minne iko katika sare za shule moja! Kisha hesabuni pikipiki, baiskeli, mifereji ya maji ya mvua, taa za nguvu za jua zilizokufa kwa sababu ya waya mmoja, mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Mkimaliza, mtajua ni kazi gani ifundishwe. Msiulize kwanza, "Wengine wanafundisha nini?"

Pili, tulirudi katika kamati. Tulimwendea mwalimu mkuu wa kituo na ofisi ya kaunti, si kwa kulaumu, bali kwa kuuliza viti vyetu vya kamati viko wapi. Vilikuwepo. Vilikuwa vitupu.

Tatu, tuliomba vijana wafundishwe hesabu ya kazi. Nimeona kijana akiuza kigoda kwa bei ya mbao peke yake. Amesahau misumari, gundi, msasa, nauli, na siku mbili za jasho lake. Huyo ataacha ufundi si kwa sababu hajui kuranda, ila kwa sababu hajui kuhesabu. Hapa ndipo kalamu na randa hukutana. Basi tusizigombanishe.

Nne, tulifikiri habari za vifaa. Kijana akimaliza masomo bila msumeno, randa, patasi na nyundo, tumemfundisha kuogelea kisha tukamwacha jangwani. Kanisa laweza kuwa na sanduku la vifaa. Kijana apewe, alipe kidogo kidogo anapopata kazi, na malipo yake yamnunulie mwenzake anayefuata. Aliyejifunza kazi mikononi mwa fundi, bila kupita darasani, naye tumsaidie aende akapimwe apate cheti, maana siku hizi njia hiyo iko.

Tano, na hili ndilo lililotugharimu zaidi, tuliweka sharti. Kanisa halitanunua wala kuagiza kitu nje mpaka limeuliza kwanza katika karakana yetu. Kama kazi si nzuri, tutamwambia fundi ilipo kasoro, naye atarudia. Bei iwe ya haki, wala asiombwe kuifanya bure eti kwa kuwa ni kazi ya Bwana. Yakobo, katika mlango wa 5, aonya vikali juu ya ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa.

Mnataka kujua habari za yule kijana? Alikuja Krismasi moja kumwona mama yake. Nilimwomba msamaha mbele ya kamati. Alikipindua kiti kimoja, akakitazama chini kwa muda, akasema, "Mchungaji, mti huu haukungojewa ukauke." Alikaa siku sita, akatengeneza viti kumi na viwili, tukamlipa. Nilimwomba abaki. Akasema, "Nina mke na mtoto huko, na tajiri wangu ananitegemea. Mngeniuliza mwaka ule." Akarudi Mombasa. Hakurudi tena kukaa kwetu, wala simlaumu.

Lakini viti vilivyobaki vilitengenezwa na vijana wa kituo, wavulana watatu na msichana mmoja. Walivifumua viti vile kumi na viwili wakatazama alivyounga maungio yake, nao wakafanya vivyo hivyo. Mama yake hukaa kwenye kimoja cha vile viti kumi na viwili kila Jumapili. Mimi nikiwa mimbarani nilimwona, na kila mara nilikumbuka.

Ndugu msikilizaji, Wafilisti waliwanyima Israeli wahunzi. Sisi Mungu ametupa. Wako nyumbani mwako sasa, pengine ndio walioketi karibu nawe wakisikiliza redio hii. Usiwaache wateremke mlima kwa sababu hukuwauliza.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyetuumba kwa mikono yako, na kumleta Mwanao akakua katika nyumba ya seremala, utusamehe kwa kudharau kazi za mikono. Wakumbuke vijana wetu walioko mbali wakitafuta kibarua, na mama zao wanaowangoja. Wape walimu wa ufundi subira, na wazee wa kamati mabega yasiyokataa mzigo. Utufumbue macho tuione kazi iliyo mbele ya milango yetu, na watu uliokwisha kutupa kwa kazi hiyo. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.